Kijana Aliyechelewa kwa Ajili Yangu

Nekesa mwanangu,

Nilimsingizia mtu. Mtu huyo ni Tavian, yule kwotabeki wa Woodbridge uliyeandika kurasa sita juu yake miaka miwili iliyopita, ambaye timu yetu ilimkataa kwa sababu ya maneno ya dereva. Dereva huyo ni mimi.

Nimeanza na hilo kwa sababu najijua. Ningeanza na habari za safari, ningefika mwisho wa karatasi bila kulisema, na kesho asubuhi ungepanda ndege. Mambo ya koti na dawa na kupiga simu, mama yako ameshakuambia. Sasa hivi ni Jumapili mchana, nyinyi wawili mmeenda kanisani kuaga watu, nami nilisema mgongo unaniuma. Mgongo hauna shida yoyote.

Nakuandikia Kiswahili ingawa tangu darasa la kwanza mimi nakuongelesha hivi na wewe unanijibu kwa Kiingereza. Utasoma polepole, ni sawa. Uongo wenyewe niliusema kwa Kiingereza na ulitoka laini kabisa. Nikijaribu kueleza kwa Kiingereza tena, nitapata njia ya kujipamba.

Kazi yangu hukuwahi kuijua yote. Ulijua tu kwamba Baba anawaendesha wachezaji wa mpira wa Kimarekani kwenye gari la timu. Kila mwaka, kabla ya siku ya timu zote kuchagua wachezaji wapya, timu huita vijana waje mmoja mmoja wakae siku nzima. Daktari anapima magoti, makocha wanawauliza maswali ubaoni. Baba yako mdogo Simiyu aliniuliza kwa simu kwotabeki ni nani, nikamwambia ni yule anayeshika mpira kwanza, majitu yanamkimbilia kumvunja, naye kabla hajavuta pumzi ya tatu awe ameamua amtupie nani. Simiyu akasema, "Hiyo si kazi, hiyo ni adhabu." Timu ikimchagua vibaya huyo mmoja, inateseka miaka mingi. Ndiyo maana wanamchunguza mpaka kwa watu ambao yeye hawadhanii. Mhudumu wa hoteli anaulizwa. Dereva anaulizwa.

Haskell, mkuu wa maskauti, wale wanaoitafutia timu vijana, alikuwa akinipenda kwa hilo. Jina langu lilimshinda siku ya kwanza akaanza kuniita Balozi. "Balozi, leo umeniletea nini?" Namwambia huyu alisalimia, huyu alitukana mpenzi wake kwenye simu, huyu aliacha takataka kwenye kiti. Anaandika. Nilijisikia mtu. Nimefika nchi hii na cheti cha sekondari, nimeosha vyombo, nimegeuza wagonjwa, na hapa kuna mzungu mkubwa anakaa na kalamu anangoja nifungue mdomo.

Asubuhi ya Tavian nilikuwa natoka Adelphi, kwenye shifti ya usiku kwa Papa Ilunga, yule mzee Mkongomani uliyewahi kumpelekea chapati. Hakutakiwa kuachwa peke yake hata dakika moja. Kampuni ya kutunza wazee ilitusainisha: ukimwacha, kazi imekwisha na cheti kinachukuliwa. Saa kumi na mbili asubuhi Mama Rehema, anayenipokea, akanitumia ujumbe: "Samahani kaka, gari limegoma kuwaka, nakuja na basi, nitachelewa kidogo tu." Mimi nilitakiwa kuwa Rockville kabla ya saa mbili, kumchukua Tavian hotelini, kumvusha mto mpaka Virginia, saa tatu awe mbele ya makocha.

Nikampa Papa chai, nikamkalisha vizuri kitandani, nikamwambia, "Papa, usiinuke mpaka Rehema afike."

"Weye enda," akasema. "Mimi niko mukubwa."

Nikaenda.

Tavian alikuwa ameshasimama nje ya hoteli nilipofika. Ulielewe hilo vizuri, Nekesa. Nilifika dakika kumi kabla ya wakati na nikamkuta nje, na shati lake jeupe, na daftari. Alinisikia nikimalizia simu na Mama Rehema, akaingia kwenye gari na kusema, "Habari gani, Mzee." Nikacheka. Alisema nyanya yake wa Woodbridge alijifunza Kiswahili kwenye madarasa ya watu weusi zamani, na kila Disemba, kwenye sikukuu yao, anawalazimisha wajukuu wote wasalimiane hivyo.

"Na wewe unajua maneno mangapi?" nikamuuliza.

"Hayo tu. Na 'kula.' Nyanya anapika sana."

Hatujafika barabara kubwa, simu ikalia. Papa Ilunga. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Wafula, niko chini. Nilianguka. Usiite ambulansi, batanipeleka kule hospitali na sitarudia." Mama Rehema bado alikuwa kwenye basi. Nikaona maisha yangu yote yanaisha. Ambulansi ikija, ripoti itaandikwa, na ripoti itauliza mtunzaji alikuwa wapi.

Nilisimamisha gari pembeni. Nikamwambia Tavian ukweli, kwa sababu nilikuwa nimechanganyikiwa. Nikamwambia kwenda Adelphi ni kugeuza nyuma, utachelewa, na leo ndiyo siku yako.

Akanitazama kama mtu anayeulizwa swali rahisi. "Si umesema mtu yuko chini? Geuza."

Hajawahi kuona nyumba ile, hamjui yule mzee. Tulipofika alipiga magoti sakafuni, akamuuliza kwanza anaumia wapi. Kila alichotaka kufanya alimwambia kabla ya kufanya. Sasa naweka mkono hapa chini ya kwapa. Sasa Wafula anashika upande ule. Nikifika tatu tunainuka pamoja. Mimi nimefanya kazi hiyo miaka tisa na huwa nasahau kumwambia mgonjwa. Papa alikuwa amejikojolea, na Tavian ndiye aliyeuliza suruali kavu ziko wapi. Tulipomrudisha kitandani, mzee akamtazama toka miguuni mpaka kichwani, akaniambia, "Huyu mutoto iko mukubwa sawa frigo."

"Anasema nini?" Tavian akauliza.

"Anasema unafanana na friji."

"Mwambie asante. Kocha wangu husema hivyohivyo, ila yeye hacheki."

Tukangoja Mama Rehema afike. Njiani kwenda Virginia nilimwomba. Nilimwomba kama mtoto, Nekesa. Nikamwambia tafadhali usimwambie mtu tulikokuwa, nitapoteza kazi zote mbili, nina binti yuko palepale kwenye timu anakata video bila mshahara, ndio kwanza anaanza. Akageuza uso dirishani, akasema, "Kwani tulienda wapi, Mzee?"

Tulifika tumechelewa saa moja na nusu. Haskell alikuwa mlangoni. "Imekuwaje?" Tavian akasema, "Samahani, bwana. Tumechelewa." Haskell akauliza tena kwa nini, naye akarudia maneno yaleyale. Alinitazama mara moja. Hakunitazama vibaya, alikuwa tu anasubiri kuona kama nina la kusema. Nikajifanya natafuta funguo.

Alasiri Haskell akaniita. Nilikuwa na kauli kumi za kusema. Ningesema barabara ilikuwa mbaya. Hapa kwetu nani angebisha? Ningesema gari lilikuwa na shida, na ingekuwa lawama yangu ndogo, ingepita. Lakini gari na barabara vinachunguzwa, mashine iliyo kwenye gari inajua lilikokwenda, na nikaogopa akianza kuuliza upande huo atafika Adelphi. Kwa hivyo nikampa kitu ambacho asingekichunguza. Nikasema, "Sikutaka kumharibia kijana, lakini nilimngoja hotelini zaidi ya saa nzima. Simu hashiki."

Hiyo ingetosha. Haskell alikuwa ameshaanza kuandika. Halafu mimi, bila kuulizwa, nikaongeza, "Na alipoingia kwenye gari alinuka pombe."

Mpaka leo sijui kwa nini niliongeza. Nimejiuliza nikiwa naendesha, nikiwa naoga, nikiwa mezani na nyinyi. Nafikiri nilitaka hadithi iwe nzito, isirudi kuniangukia. Haskell akaacha kuandika akasema, "Asante, Balozi. Hii ndiyo sababu nakuhitaji." Na nikafurahi. Nikifa leo, hicho ndicho kitu kibaya zaidi nilichowahi kufanya: kwamba kwa dakika moja nilifurahi.

Lingine linakuhusu wewe.

Jioni zile ulikuwa unanionyesha video zake kwenye kompyuta, hapa mezani. Ulikuwa unasimamisha, unarudisha nyuma, unaniambia tazama miguu yake, Baba, mtu wa kwanza wa kumtupia amezibwa na miguu haina wasiwasi, anahamia kwa wa pili, anahamia kwa wa tatu. Ulisema anatupa kwa kuchelewa upande wa kushoto kwa sababu hatua yake ni ndefu mno, na hilo linafundishika. Ulikuwa na mpango mzima: mwaka wa kwanza asicheze kabisa, akae nyuma ya mchezaji mzoefu, afupishe hatua, ajifunze kusoma ulinzi, asiharakishwe. Kurasa sita. Sikuelewa nusu yake, lakini nilielewa kwamba mtoto wangu anaona vitu.

Halafu ukaenda kwenye kikao, wakakupa dakika tano kwa huruma, ukasema yote, na Haskell akafungua faili akakwambia, "Binti, kwotabeki wako hawezi kutoka kitandani, na akitoka ananuka." Walicheka. Hakusema ni nani aliyemwambia, hilo huwa halisemwi. Ulirudi nyumbani macho yamevimba, ukasema hukumwona mtu, uliona mpira tu.

Na mimi nikakumiminia chai. Unakumbuka nilichosema? Mimi nakumbuka kila neno. Nilisema, "Ndivyo watu walivyo, mama. Video haionyeshi moyo." Nilichukua uongo wangu mwenyewe nikakutengenezea mafundisho, nikakulisha, ukala.

Tangu siku hiyo ulibadilika. Nilikuona. Ulianza kusoma faili kwanza, ndipo ufungue video. Mwezi uliopita ulituhadithia jinsi ulivyojibu kule kwenye timu mpya iliyokuajiri walipokuuliza unafanyaje kazi: kwanza naangalia watu wanasema nini juu ya kijana, halafu ndiyo naangalia mkono wake. Walipenda jibu hilo. Mama yako alipiga makofi. Mimi nikaenda chooni nikafungua maji ya bomba ili msisikie.

Kesho unaenda kuanza kazi ya kuandika majina ya vijana na kusema huyu ndiyo, huyu hapana, na msingi wa kazi yako ni neno nililolitunga nikiwa naogopa. Wengine watakuja mbele yako, na kwa kila mmoja utaanza na faili kwa sababu ya faili moja. Kuzimu kwangu ni hapo. Kufutwa kazi ni kitu kidogo.

Macho yako yalikuwa sawa, Nekesa. Yalikuwa sawa juu ya miguu na yalikuwa sawa juu ya mtu. Ulisema hatetemeki wa kwanza akizibwa. Mimi nilikuwepo siku mtu wa kwanza alipozibwa.

Sikufundishi kazi, mimi ni mtu wa usukani. Nakwambia tu kinachoonekana kutoka kiti cha mbele. Wale wanaosalimia vizuri zaidi, wengi wamefundishwa na mawakala wao kwamba dereva anaripoti. Nimewasikia wakikumbushwa kwenye simu: msalimie dereva, muulize habari za watoto. Halafu kuna yule aliyechoka, mama yake anaumwa, hasemi neno, na ndiye anayeandikwa hana heshima. Nimewaandikisha wengi hivyo, na sasa sijui ni wangapi walikuwa wamechoka tu. Ukipata neno la dereva, au la mhudumu, au la kocha wake wa zamani, muulize kwanza huyo mwenye neno asubuhi yake ilikuwaje, alitoka wapi, angepoteza nini kama angesema kitu kingine. Haskell angeniuliza mimi nimelala wapi jana, ningevunjika pale pale.

Nilipokuwa na umri wako nilifikiri mtu mbaya anajijua. Anapanga. Mimi sikupanga kitu. Nilikuwa baba mwenye kazi mbili, mwenye usingizi, anayempenda mtoto wake, na ndani ya dakika tatu nikammaliza kijana wa watu. Naogopa kwamba hata wewe unaweza, kwa sababu una upendo kama wangu na unaogopa kushindwa kama mimi. Siwezi kukukinga. Naweza tu kukuonyesha palipo na shimo, kwa sababu nimo ndani.

Hakuna timu iliyomchagua. Maskauti wanaongea, neno likishatoka ofisi moja linaingia nyingine. Alijaribu kambi mbili za majaribio akarudishwa. Sasa anapakua malori kwenye ghala huko Woodbridge, na Jumatano jioni anafundisha watoto kutupa mpira kwenye uwanja wa shule. Nimeenda mara mbili. Mara zote mbili sikushuka kwenye gari. Nilimtazama anavyomweleza mtoto kiwiko kitakwenda wapi kabla ya kukigusa, nikawasha gari nikarudi, nikamwambia mama yako nilikuwa kwenye foleni.

Papa Ilunga aliniuliza mpaka anakufa, "Yule mutoto wa frigo iko nacheza wapi?" Namwambia anaendelea vizuri, Papa. Mama Rehema alimkuta tu tukitoka, hakujua ni nani. Tumebaki watu wawili tunaojua, na mmoja ameweka siri yangu miaka miwili. Angeweza kunitaja. Aliposikia kwa nini amekataliwa, na lazima alisikia, angepiga simu moja tu. Hakupiga. Sijui kama ni kwa sababu ya ahadi au kwa sababu nilimtajia wewe. Vyovyote, sina pa kuficha uso.

Halafu ikaja Alhamisi iliyopita, chakula chako cha kuagwa. Haskell alikuwa anasema kwotabeki wao wa tatu ameumia bega, wanatafuta mtupaji wa kujaza nafasi kwenye kambi ya mazoezi ya kiangazi, orodha inafungwa Ijumaa hii. Mtu akatania, "Nekesa, si ulikuwa na yule wako wa Woodbridge?" Na wewe ukajibu, mwanangu, ukicheka, "Mpeni nafasi, lakini mnunulieni saa ya kengele." Meza nzima ikacheka. Nilikuwa nimesimama mlangoni na funguo za gari. Nilikusikia kwa sikio langu, na ilikuwa sauti yangu.

Ana miaka ishirini na tano. Kwa kwotabeki ambaye hakuna timu inayomwita, hiyo ni saa ya mwisho. Wiki hii kuna mlango mmoja umebaki wazi kidogo, na mimi ndiye niliyeuegemea usifunguke.

Sikuombi unisamehe kwa barua. Nitakupa karatasi hizi mkononi kesho asubuhi kabla hatujatoka nyumbani, ili ukitaka mama yako ndiye akupeleke eyapoti, uwe na nafasi ya kusema. Yeye nitamweleza leo mkirudi. Ukinyamaza mwezi mzima nitaelewa. Lakini tafadhali, hizo kurasa sita, kama bado unazo, zisome tena ndani ya ndege. Zisome kama zilivyoandikwa, kabla sijaziharibu.

Nimeshaandika karatasi nyingine, kwa Kiingereza, fupi, na nimeweka sahihi. Inasema wapi nilikuwa asubuhi ile, nani alianguka, nani alimwinua, na kwamba pombe niliitunga mimi. Najua ikishasomwa sitaendesha tena gari la timu, na kampuni ya wazee itaniita. Iwe hivyo.

Jumatano hii saa kumi na moja jioni nitakuwa kwenye uwanja ule wa Woodbridge, nitamwendea Tavian mbele ya wale watoto wake, nimwambie nilichosema, na nimsomee karatasi hiyo kwa sababu ni jina lake, ana haki ya kuisikia wa kwanza. Alhamisi saa tatu asubuhi, siku moja kabla orodha haijafungwa, nitaingia kwa Haskell nimkabidhi karatasi na nikae kwenye kiti mpaka aimalize. Saa nne nitakupigia. Saa nne na nusu ikifika na simu yako haijalia, ujue nimeogopa tena. Hapo usinihurumie: mpigie Haskell wewe mwenyewe, umsomee barua hii yote.

Baba yako,
Wafula